Daktari Akisema Kisu, Jibu ni la Nani?

Leo naomba tuongee jambo ambalo wengi hulikumbuka wakiwa tayari juu ya machela.

Mdogo wetu mmoja wa Chamwino ameniandikia. Uchungu ulimshika mchana, usiku akafikishwa hospitali, na daktari akasema mtoto amechoka, inabidi upasuaji. Mama mkwe akakataa: kwenye ukoo wao wanawake hawapasuliwi. Mume alikuwa machimboni, simu haipatikani. Fomu ikakaa mezani ikisubiri ndugu wa kusaini. Mume alipatikana baadaye, akakubali, na mtoto akatoka salama. Sasa anauliza: "Dada, mbona mimi mwenye tumbo sikuulizwa? Na kama nisingetaka kupasuliwa, ningesikilizwa?"

Mdogo wangu, jibu la maswali yote mawili ni moja. Ukiwa mtu mzima, una fahamu zako na umeelezwa ukaelewa, kukubali ni kwako na kukataa ni kwako. Daktari anashauri, ndugu wanashauri, wewe ndiye unayeamua. Kuwaita ndugu ni desturi yetu na ina faida: watachangia damu, watatafuta nauli, watakuuguza. Lakini saini ya mama mkwe haiwezi kuchukua nafasi ya sauti yako wakati unaongea. Siku nyingine daktari akisema na watu waliosimama pembeni, mwite: "Daktari, niambie mimi, nitasaini mwenyewe."

Najua kuna atakayesema, "Dada, dharura haina muda wa maswali." Muda upo, tena mara nyingi dakika mbili zinatosha. Uliza manne tu: Mnataka kunifanya nini? Kwa nini sasa hivi? Nisipofanyiwa itakuwaje, na baada ya muda gani? Kuna njia nyingine? Muuguzi anayejua kazi yake atakujibu huku mkono wake ukitafuta mshipa. Na kama ni bibi yako kutoka Mvumi anayejua Kigogo tu, au babu wa Kondoa aliyezoea Kirangi, omba mtu amfafanulie kwa lugha yake. Kidole gumba kilichochovywa wino chini ya maelezo asiyoyaelewa hakimaanishi kwamba amekubali.

Hili si la kwetu peke yetu. Kule Namibia, wanawake watatu wenye virusi vya UKIMWI walifungwa kizazi walipokuwa wakijifungua kwa upasuaji. Hospitali zilionyesha fomu walizosaini. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Novemba 2014 majaji wakasema saini zile hazikuwa ridhaa: mama aliye katikati ya uchungu, bila kueleweshwa vya kutosha, hakupata nafasi ya kuamua. Basi ukipelekewa fomu ya upasuaji, uliza kama kuna kingine kimeongezwa humo. Kukubali kutolewa mtoto si kukubali kufungwa kizazi.

Na ukikataa? Sikiliza kisa cha Rosa Edelmira Pindo Mulla, Shahidi wa Yehova aliyekuwa akiishi Hispania. Alikuwa ameandika mapema, kwa utaratibu wa nchi ile, kwamba hataki kuongezewa damu. Mwaka 2018 alivuja damu nyingi, akahamishiwa hospitali ya Madrid. Madaktari waliwasiliana na jaji wa zamu wakapata kibali cha matibabu yoyote, na mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa bado na fahamu, hakuambiwa. Akaongezewa damu. Septemba 17, 2024, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki yake ilivunjwa. Lakini majaji hao hao walisisitiza jambo la pili: katika dharura, anayekataa tiba ya kuokoa maisha lazima msimamo wake uwe wazi usio na utata. Pakiwa na shaka ya kweli ambayo haiwezi kuondolewa, wajibu ni kuokoa uhai.

Shikeni hilo la mwisho, maana ndipo wengi tunapokosea. Ukiletwa hujitambui, na hakuna anayejua ulitaka nini, daktari hatasubiri kikao cha ukoo. Wazee wa Dodoma hawajasahau Igandu, Juni 24, 2002, treni ya abiria iliporudi nyuma kwa kasi mlimani ikagonga treni ya mizigo na watu zaidi ya 280 wakafa. Majeruhi wa ajali ya namna ile huwezi kuwauliza mmoja mmoja. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 230, inamkinga anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ustadi, kwa faida ya mgonjwa, ikiwa upasuaji huo ni wa busara kwa kuzingatia hali ya mgonjwa. Kwa hiyo kama una jambo hulitaki kabisa, liandike leo ukiwa mzima, liweke pamoja na kitambulisho chako, na mwambie mtu mmoja utakayemwamini. Ukishazimia huna pa kulisemea.

Kuna "hapana" ambayo si yako kuisema: ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matibabu kwa sababu ya imani ya dini au imani nyingine. Mtoto ameishiwa damu, daktari anasema aongezewe, wewe unasema kanisani kwenu hairuhusiwi. Imani ni yako, mwili ni wake, na hajafika umri wa kujichagulia. Vivyo hivyo, mtu aliyepoteza uwezo wa kuamua kwa ugonjwa wa akili ana utaratibu wake kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Wenzetu wa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, wanaujua vizuri.

Sasa nije kwa nyinyi vijana wa bodaboda. Umevunjika mguu barabara ya Iringa, kidonda kimeoza, daktari anasema ukatwe. Kaka zako wanataka wakutoroshe usiku wakupeleke kwa fundi wa mifupa. Kukataa kukatwa ni haki yako. Lakini usikatae kwa kutoroka. Omba daktari mwingine aangalie. Omba rufaa, Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo hapa hapa Dodoma. Ukibaki na msimamo wako, sema mbele ya muuguzi, iandikwe kwenye faili, usaini. Kukataa kisu si kukataa kila kitu: dawa ya maumivu, dripu na kusafishwa kidonda bado ni vyako, wala mtu hana ruhusa ya kukununia kitandani. Na ukibadili mawazo alfajiri, sema alfajiri hiyo hiyo. Hakuna aibu.

Ukifanyiwa kitu ulichokikataa ukiwa na fahamu, anza na mganga mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure. Na mama mjamzito akipata dharura kijijini, 115 ya m-mama ni ya kuomba usafiri, nayo ni bure.

Mniruhusu niseme kwa ukali wa dada. Haki ya kukataa haikuwekwa ili tuifanye ngao ya woga. Ukikataa kwa sababu jirani alisema kisu kinaua, au kwa sababu mama mkwe amenuna, hapo uliyeamua si wewe. Kataa baada ya kuuliza, na ukubali baada ya kuuliza. Wewe wa Chamwino, hongera kwa mtoto. Kliniki ijayo nenda na mumeo, mkae mbele ya mkunga, umwambie mumeo, mkunga akisikia: "Siku ya dharura nitaamua mwenyewe, wewe kazi yako ni kunisimamia mpaka nisikike." Na nyinyi wengine mnaosoma, fanyeni mazungumzo hayo nyumbani wiki hii, kabla dharura haijawakuta.