Masurufu Baada ya Talaka: Vigezo vya Mahakama Nchini Kenya

Mahakama inapovunja ndoa, swali moja hubaki: je, mmoja wa waliokuwa wanandoa ana wajibu wa kuendelea kumkimu mwenziwe? Fedha zitolewazo kwa ajili hiyo huitwa masurufu au matunzo. Katika mahakama za kadhi hujulikana kama nafaka. Makala haya yanafafanua jinsi mahakama za Kenya zinavyolijibu swali hilo.

Msingi wa kisheria
Hadi mwaka 2014, mashauri mengi yaliongozwa na sheria ya enzi za ukoloni iliyomtwika mume, kwa kawaida, mzigo wa kumkimu mke. Katiba ya 2010, katika ibara ya 45(3), iliwapa wanandoa haki sawa wakati wa kufunga ndoa, ndani ya ndoa na inapovunjika. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilifuata mkondo huo. Kifungu cha 77 humzungumzia mwenzi bila kubagua jinsia. Kwa hiyo mume naye aweza kuomba masurufu. Aidha, kifungu hicho huipa mahakama uwezo wa kuamuru malipo, wala hakiilazimishi. Anayeomba hana budi kuthibitisha haja yake.

Vigezo
Mahakama huzingatia mapato na mali ya kila upande, mahitaji yao, umri na afya zao, muda wa ndoa, hali ya maisha waliyoizoea na uwezo wa mwombaji wa kujipatia riziki. Kila upande huwasilisha hati ya kiapo inayoeleza mapato na matumizi yake, pamoja na vielelezo kama vile hati za mshahara na taarifa za benki.

Katika kesi ya WMM dhidi ya BML ya mwaka 2012, Mahakama Kuu ilionya kuwa mwenzi awezaye kufanya kazi asimgeuze mwenziwe punda wa kubeba mizigo yake. Onyo hilo linakaribiana na methali isemayo kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hata hivyo, mke aliyeacha kazi miaka ishirini ili alee watoto hawezi kulinganishwa na mtu mvivu. Uwezo wake wa kupata ajira ulipungua kwa manufaa ya familia nzima.

Mfano
Iwapo mume hubakiwa na shilingi 90,000 baada ya makato, hutumia 35,000 kwa watoto na 40,000 kwa mahitaji yake, basi ziada ni 15,000. Iwapo mke anahitaji 30,000 na kibanda chake humpa 12,000, pengo ni 18,000. Mahakama haiishii kwenye hesabu hiyo. Huchunguza kama zile 40,000 ni za lazima au za anasa, na kama mahitaji ya mke yametiwa chumvi.

Ukomo
Masurufu si ya milele. Haki hiyo hukoma mpokeaji anapoolewa au kuoa tena, na amri hutanguka akiweza kujitegemea. Vilevile, amri yaweza kubadilishwa au kufutwa ikiwa ilipatikana kwa udanganyifu au hali imebadilika sana, kwa mfano mlipaji akifutwa kazi.

Kwa Waislamu wanaofika mbele ya kadhi, mtalaka hudai nafaka ya kipindi cha eda na mut'a, yaani kitu cha kumliwaza aliyeachwa. Mjamzito hukaa eda hadi ajifungue.

Hitimisho
Masurufu yasichanganywe na mgawanyo wa mali ya ndoa, unaoongozwa na Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, wala na matunzo ya watoto, ambayo ni haki ya watoto wenyewe. Anayezichanganya haki hizi tatu aweza kuondoka mahakamani na moja tu, ilhali alistahili zote.