Mkondo na Msimbo: Lugha ya Mgonjwa katika Tiba Mtandao Inayogharimiwa na Serikali, kwa Mfano wa Shika Adabu, Likoni

Ikisiri

Makala hii inachunguza nafasi ya lugha katika mipango ya serikali ya kugharimia intaneti ya kasi na tiba mtandao kwa ajili ya vituo vya afya vilivyo pembezoni. Wadi ya Shika Adabu, Mombasa, imeteuliwa kuwa mfano. Hoja kuu ni kwamba fedha za umma hugharimia mkondo wa mawasiliano pasi na kugharimia msimbo wake, na kwamba upungufu huo unaweza kumgharimu mgonjwa afya yake. Makala inahitimisha kwa mapendekezo yanayowahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Shika Adabu ni mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Likoni. Nyingine ni Mtongwe, Bofu, Likoni na Timbwani. Eneo hili liko bara ya kusini ya Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani. Kwa sababu hiyo, mgonjwa anayepewa rufaa kutoka zahanati ya ng'ambo huanza safari yake kwa kungoja feri. Barabara ya Dongo Kundu imefungua njia nyingine, lakini ni njia ya mzunguko na humhitaji mtu awe na gari au nauli ya kutosha.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Mombasa ndiyo lango la intaneti ya Kenya. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika katika ufuo wake, na mwaka 2010 ukafuata waya wa EASSy. Hata hivyo, ukaribu wa nyaya si sawa na ukaribu wa huduma. Wahenga walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Aidha, Kaunti ya Mombasa huhesabiwa kuwa ya mjini, ilhali maisha ya sehemu nyingi za bara yake yanashabihiana zaidi na ya mashambani. Mpango wowote unaogawa fedha kwa kuangalia ramani tu, mji upande huu na shamba upande ule, unaweza kuwaruka watu wa aina hii.

Tiba mtandao, yaani uchunguzi na ushauri wa kitabibu unaotolewa kupitia vyombo vya mawasiliano, huelezwa kuwa dawa ya masafa. Muuguzi wa zahanati humkalisha mgonjwa mbele ya kioo cha kompyuta, na daktari aliye mbali akamwona na kumsikia. Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, daktari huyo anasikia nini?

2.0 Fedha za Umma na Intaneti ya Afya

Nchini Marekani, sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ilikubali kanuni kwamba kituo cha afya cha mashambani hakistahili kutozwa bei ya mawasiliano iliyo juu kupita ile ya mjini. Fedha za kufidia tofauti hiyo zilitolewa katika mfuko wa huduma kwa wote unaochangiwa na makampuni ya simu. Mwaka 2012 uliidhinishwa mpango mwingine chini ya mfuko huohuo, ambao hulipa asilimia 65 ya gharama za intaneti ya kasi, na kituo chenyewe kikalipa asilimia 35. Mpango huo hulipia mawasiliano na vifaa vya mtandao; haulipii mishahara ya wahudumu.

Kenya ilianzisha mfuko wake wa huduma kwa wote kupitia marekebisho ya sheria ya habari na mawasiliano ya mwaka 2009. Makampuni yenye leseni hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao ghafi ya mwaka, na mfuko husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Miradi yake mikubwa ya awali ilihusu kufikisha simu katika maeneo yasiyokuwa na mawimbi na kuziunganisha na intaneti karibu shule 900 za upili za umma. Zahanati hazikuwa mstari wa mbele.

Hali kadhalika, mgawanyo wa majukumu katika Katiba ya mwaka 2010 unaleta ugumu wake. Mawasiliano ya simu ni jukumu la serikali kuu, ilhali zahanati ni jukumu la kaunti. Fedha za waya, basi, hutoka mfuko mmoja, na mshahara wa muuguzi hutoka mwingine. Kilicho kati ya waya na muuguzi, yaani mazungumzo yenyewe, hakina mwenyewe.

Hii haina maana kwamba sheria imenyamaza. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliitambua afya ya kielektroniki kuwa njia mojawapo ya kutoa huduma. Sheria iyo hiyo inataka mgonjwa apewe maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria mahususi ya afya ya kidijitali, na katika mwaka huohuo serikali ilianza kuwagawia wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 simu za kuwekea kumbukumbu za kaya wanazozitembelea. Haki ya lugha imeandikwa, na vyombo vinanunuliwa. Kinachokosekana ni kiungo baina ya hayo mawili.

3.0 Kiunzi cha Nadharia

Roman Jakobson, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1960, alibainisha vipengele sita vya tukio la mawasiliano: mtumaji, mpokeaji, ujumbe, muktadha, mkondo na msimbo. Mkondo ni njia inayounganisha watu wawili, na msimbo ni mfumo wa lugha wanaoshirikiana. Kimojawapo kikikosekana, mawasiliano hayakamiliki. Kwa kuutumia mtazamo huu, tunaweza kusema kwamba mifuko iliyotajwa hapo juu ni mifuko ya mkondo.

Pamoja na Jakobson, makala inaegemea Nadharia ya Adabu ya Brown na Levinson, ambao wanashikilia kwamba kila mzungumzaji hulinda uso wake na wa mwenzake, na kwamba sehemu kubwa ya uchaguzi wa maneno hutokana na ulinzi huo. Ni sadfa njema kwamba wadi tunayoijadili inabeba jina lenye wito huohuo: shika adabu.

4.0 Msimbo wa Mgonjwa

Mifano ifuatayo ni ya matumizi ya kawaida ya Kiswahili cha Pwani. Si rekodi za wagonjwa halisi.

4.1 Ngeli za mahali

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba Kiswahili kina ngeli tatu za mahali: pa- ya mahali maalumu, ku- ya mahali pasipo mipaka dhahiri, na m- ya ndani. Somo hili huonekana kavu darasani. Katika chumba cha mgonjwa lina uhai. Mtu anayesema "hapa panauma" ameonyesha nukta. Anayesema "huku kunauma" ameonyesha eneo lililotawanyika. Anayesema "humu mnauma" amesema kwamba maumivu yako ndani. Daktari yeyote angependa kujua kama maumivu ya tumbo yamekita mahali pamoja au yametapakaa, na kama yako juu ya ngozi au ndani. Mgonjwa amekwisha kumjibu kwa kiambishi kimoja.

Muuguzi anapojaza fomu ya Kiingereza, tofauti hizo tatu huweza kumezwa na kauli moja tu, kwamba tumbo linauma. Isitoshe, daktari aliyezoea Kiswahili cha bara cha mazungumzo, kinachotumia "hapa inauma" kwa hali zote, anaweza kuzisikia kauli zote tatu na asitambue kwamba ameambiwa mambo matatu. Na picha ikikwama kwa sababu ya intaneti dhaifu, kidole kinachoonyesha "hapa" hakionekani, na kiwakilishi kinabaki bila kiwakilishwa.

4.2 Majina ya viungo na maradhi

Neno "mguu" huweza kumaanisha kiungo kizima tangu pajani hadi unyayoni, au sehemu ya chini peke yake. "Mkono" nao ni vivyo hivyo. "Kifua" huweza kuwa kiungo, kikohozi au pumu. "Homa" huweza kuwa joto la mwili, mafua au malaria. "Tumbo" hubeba chakula, uchungu na mimba. Ana kwa ana, utata huu huondolewa kwa macho na kwa mkono wa mpimaji. Kwa mbali, unaondolewa kwa maneno tu.

Lililo zito zaidi ni neno linalobeba itikadi. Mtoto akishikwa na degedege, wapo wazee wa Pwani wanaosema ana nyuni, kwa imani kwamba amepitiwa na pepo wa ndege. Mama akilitamka neno hilo mbele ya kioo, daktari asiyelijua huenda akalipita. Akilijua, atatambua papo hapo kwamba mtoto huyo ametetemeka na kupoteza fahamu, na kwamba yamkini ana malaria kali inayodai tiba ya haraka. Muda unaopotea katika kuulizana maana ya neno ni muda wa mtoto.

4.3 Tasfida

Mwanamke wa Pwani aliyelelewa katika adabu hatataja sehemu za siri waziwazi. Atasema yuko katika siku zake, au hazijaja. Atasema ni mzito. Atasema anapata taabu akienda haja ndogo. Tasfida hizi hueleweka vyema. Tatizo huongezeka chumba kinapokuwa na masikio mengi. Katika tiba mtandao mgonjwa hazungumzi na mtu mmoja. Yupo muuguzi, yupo daktari kiooni, pengine yupo fundi wa kompyuta, na mlango haufungiki. Kwa mujibu wa Brown na Levinson, kadiri tishio kwa uso linavyozidi, ndivyo mzungumzaji anavyozunguka zaidi. Na tishio likizidi mno, hunyamaza. Ukimya huo hauingii katika fomu.

Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata hivyo, siri ya mgonjwa haianzi kompyutani. Huanzia katika pazia la mlango.

4.4 Saa

Saa mbili ya Mswahili ni saa nane ya mfumo wa kimataifa. Programu inayomtumia mgonjwa ujumbe wa kumeza dawa "2:00" usiku na mchana, bila kujua hesabu hii, inampa maelekezo yenye maana mbili. Mgonjwa wa sukari anayepangiwa sindano kwa saa hawezi kuachiwa abahatishe.

5.0 Mkalimani Asiyelipwa

Yamkini msomaji atapinga kwamba daktari wa Kenya anakijua Kiswahili, hivyo hakuna tatizo. Pingamizi hili lina ukweli, ila halitoshi. Daktari amesomea utabibu kwa Kiingereza, huandika kwa Kiingereza, na Kiswahili chake huenda si kile cha Shika Adabu, ambako Kimvita na Kidigo hukutana katika sentensi moja. Kwa hiyo anayebeba mzigo ni muuguzi. Yeye humsikiliza bibi kwa Kidigo, humfafanulia daktari kwa Kiswahili sanifu, kisha hujaza fomu kwa Kiingereza, na wakati huohuo anapima presha. Hajafunzwa ukalimani wala halipwi kwa kazi hiyo.

Nchini Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 imekuwa msingi wa kudai kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ziwapatie wakalimani wagonjwa wasiojua Kiingereza. Hapa somo ni kwamba masharti ya lugha yanaweza kufungamanishwa na fedha. Nchini Kenya, ambako Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba, sharti la namna hiyo lisingekuwa hisani kwa wachache. Lingekuwa utekelezaji wa katiba kwa walio wengi.

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Kwanza, kila mradi wa tiba mtandao unaogharimiwa na fedha za umma utengewe fungu la lugha: fomu za Kiswahili, mafunzo ya ukalimani kwa wauguzi na nyongeza ya malipo kwa kazi hiyo. Pili, programu zinazonunuliwa ziwe na sehemu ya kuhifadhi maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, kabla ya tafsiri, na zitaje saa kwa Kiswahili pamoja na "asubuhi", "mchana" au "usiku". Tatu, zahanati ipewe chumba chenye mlango unaofungika kabla ya kupewa kioo. Nne, na hili linatuhusu sisi wa idara za Kiswahili, istilahi za tiba zisiundwe mezani pekee. Mwanafunzi aende Likoni, Kisauni na Changamwe, asikilize watu wanavyoyataja maumivu yao, kisha arejee na orodha itakayomfaa daktari.

Mapendekezo haya hayapunguzi haja ya intaneti. Pasipo mkondo, maneno mazuri hayavuki maji. Lakini waya ukishafika Shika Adabu, mgonjwa ataketi mbele ya kioo na kusema "humu mnauma". Ni wajibu wa wasomi wa lugha hii kuhakikisha kwamba upande wa pili yupo anayeelewa kwamba ameambiwa "ndani".