SOMO LA AFYA KAZINI: NYONYA KWANZA, SAFISHA BAADAYE



Kila siku kazini kitu humwagika. Kwenye kituo cha afya ni damu au matapishi. Kwenye mashine ya kusaga ni dizeli. Kwa fundi wa pikipiki ni oili. Kwa anayechaji simu kwa betri za sola ni maji ya betri, ambayo ni asidi kali. Wengi wetu hukimbilia fagio au ndoo ya maji. Fagio hurusha matone na kuchafua mahali pengine. Maji huongeza wingi wa uchafu, nao hutiririka hadi mlangoni ambako watoto hupita miguu mitupu.

Somo hili linakufundisha njia iliyo salama zaidi: zuia kilichomwagika, kinyonye kwa kitu kinachofaa, ndipo usafishe. Somo ni kwa wasafishaji, VHT, waendesha mashine, mafundi na wauza mafuta wa Lobule, Rhino Camp na Imvepi, na kwa kila anayefanya kazi penye vitu hivi.

KWA NINI TUJIFUNZE JAMBO HILI?

Kwanza, magonjwa. Ebola huambukizwa kwa kugusa damu, matapishi, kinyesi na maji mengine ya mwili wa mgonjwa. Ilipoingia Gulu mwaka 2000, watu 425 waliugua na 224 walikufa. Kati yao walikuwamo wahudumu wa afya, pamoja na Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyefariki tarehe 5 Desemba 2000. Katikati ya mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa Ariwara, huko Ituri, karibu na mpaka wetu. Kipindupindu nacho huenea kwa kuhara na matapishi yanayofika kwenye maji na chakula.

Pili, moto. Mjini Arua biashara ya mafuta ya majerikani inajulikana tangu miaka ya 1980, na wauzaji wake waliitwa vijana wa OPEC. Hata leo petroli huuzwa kwa chupa kando ya njia. Petroli ikimwagika hutoa mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini mpaka ukutane na jiko au sigara. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, Kivu Kusini, lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, na zaidi ya watu 230 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019 jambo kama hilo lilitokea Morogoro, Tanzania, na zaidi ya watu 100 walikufa. Mahali pote pawili watu walikuwa wamesogea kuchota mafuta yaliyomwagika.

PEDI ZA KUNYONYA NA VITU VYA BADALA

Kwenye maghala na mitambo mikubwa ya maji huenda ukakuta pedi maalumu za kunyonya, zinazofanana na blanketi nyembamba. Mara nyingi rangi hueleza kazi yake: nyeupe hunyonya mafuta tu na kukataa maji, kijivu hunyonya mafuta na maji, njano ni kwa kemikali kali kama asidi. Soma kibandiko kabla ya kutumia. Ukitandaza pedi nyeupe juu ya damu, damu itabaki sakafuni. Pedi za hedhi na nepi hazifai kwa mafuta, kwa sababu zimetengenezwa kunyonya maji ya mwili.

Kama pedi maalumu hazipo, vitu vya badala vipo. Chagua kwa kuangalia kilichomwagika:

Damu, matapishi, kuhara: Tumia vitambaa vya pamba, kama shuka kuukuu au taulo, au karatasi laini. Usitumie nailoni.

Petroli, dizeli, oili: Tumia mchanga mkavu au udongo mkavu. Usitumie majani makavu wala unga wa mbao kwenye petroli, maana ni kuni juu ya mafuta.

Maji ya betri: Tumia majivu yaliyopoa kabisa au magadi, kisha udongo mkavu. Usitumie vitambaa wala unga wa mbao, kwa sababu asidi huvila.

Jinsi ya kujaribu kitambaa: Dondosha tone la maji juu yake. Likizama mara moja, kitambaa kinafaa. Likibaki juu kama shanga, tafuta kingine. Vitenge vingi vya bei nafuu vina nyuzi za plastiki na havinyonyi vizuri.

HATUA ZA KUSAFISHA DAMU NA MAJI YA MWILI

1. Zuia watu wasipite. Vaa glovu nene, eproni na mabuti ya mpira. Kama umeajiriwa kwa siku kufanya usafi, omba vifaa hivi kabla ya kuanza. Kuviomba si ukaidi.

2. Funika kilichomwagika chote kwa vitambaa. Anza pembeni uelekee katikati.

3. Mimina polepole dawa ya klorini ya asilimia 0.5 juu ya vitambaa. Usipulizie kwa bomba, kwa sababu matone yataruka.

4. Subiri dakika 15.

5. Kunja vitambaa kutoka nje kwenda ndani, uvitie kwenye mfuko wa taka za kuambukiza. Kama kuna vigae vya kioo au sindano, tumia koleo au kipande cha kadibodi, kamwe usitumie vidole.

6. Osha mahali hapo kwa maji na sabuni. Kisha pitisha tena klorini, uiache ifanye kazi.

7. Vua vifaa, unawe mikono kwa sabuni.

Huenda utauliza: kwa nini nisimwage klorini tu bila kunyonya? Klorini humalizwa nguvu na uchafu. Ikikutana na damu nyingi hutumika yote juu juu, na vijidudu vya chini hubaki hai. Ndiyo maana tunanyonya kwanza, na ndiyo maana tunapitisha klorini mara ya pili juu ya sakafu iliyooshwa.

Kipimo cha klorini ya asilimia 0.5: weka vijiko vikubwa 10 vya HTH ya asilimia 70 katika lita 20 za maji. Ukitumia Jik ya asilimia 3.5, changanya kikombe 1 cha Jik na vikombe 6 vya maji. Tengeneza mpya kila siku. Dawa hii huchoma ngozi na macho, kwa hiyo usinawie. Kwa kipindupindu fuata kipimo utakachopewa kituoni.

Mkojo ukimwagika, unyonye na kuosha kwa sabuni kwanza, ndipo utie klorini. Mkojo mwingi na klorini hutoa hewa yenye sumu. Klorini ikichanganyika na maji ya betri ni hatari zaidi.

HATUA ZA KUSAFISHA MAFUTA

1. Zima majiko, sigara na taa za moto zilizo karibu. Usiwashe injini wala swichi. Fungua milango na uwaondoe watoto.

2. Simamisha kinachovuja: inua jerikani, funga koki.

3. Zungushia mchanga pembeni kama tuta la bustani, kisha jaza katikati.

4. Mchanga ukishalowa, uchote kwa kipande cha mbao au plastiki. Koleo la chuma likikwaruza sakafu laweza kutoa cheche.

5. Rudia kwa mchanga mpya mpaka sakafu ikauke. Malizia kwa sabuni na kitambaa.

Nguo iliyolowa petroli ivue mbali na moto, kisha uoshe ngozi kwa sabuni. Mtu akimeza petroli wakati wa kuivuta kwa mrija, usimtapishe. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Yakiwa mafuta mengi, kama ya pipa au lori, usijaribu kunyonya wala kuchota. Ondoa watu, kaa mbali, toa taarifa polisi.

MAJI YA BETRI

Vaa glovu na ulinde macho. Nyunyiza majivu au magadi kutoka pembeni. Utaona povu, ngoja liishe, ongeza kidogo, kisha funika kwa udongo na uchote. Yakiingia machoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, halafu nenda kituoni.

KILICHONYONYA KINAENDA WAPI?

Kitambaa chenye damu bado ni damu, na mchanga wenye petroli bado ni petroli. Vitambaa vya maji ya mwili vipelekwe kwenye tanuri au shimo la taka la kituo cha afya. Usivifue ili uvitumie tena. Mchanga wa mafuta uwekwe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, nje, mbali na moto na si chini ya mita 30 kutoka kisimani. Muulize mwenyekiti wa RWC wapi taka hizo hukusanywa. Usiutupe chooni: mvuke hujaa shimoni, na anayeingia usiku na mshumaa anaweza kuungua.

ANDAA NDOO YA DHARURA

Ndoo moja yenye mfuniko itoshe: vitambaa vya pamba, glovu, sabuni, kipande cha mbao cha kuchotea na mifuko miwili. Kando yake weka gunia la mchanga mkavu mahali pasiponyeshewa. Kila mfanyakazi ajue vilipo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mahali unapofanya kazi, ni kitu gani humwagika mara nyingi? Una nini cha kukinyonya?

2. Mwenzako amemwaga maji juu ya petroli. Utamweleza nini?

3. Kwa nini klorini hupitishwa mara mbili?

4. Mtoto wa jirani ameokota kitambaa chenye damu jalalani. Kosa lilianzia wapi?

Baada ya kujadili, chagueni mtu mmoja wa kuandaa ndoo ya dharura wiki hii, na mwingine wa kuikagua kila mwezi.