Kemia ya Beseni la Kunawia

Katika nyumba nyingi za Moshi mjini, chini ya beseni la kunawia huwapo kikabati kidogo, na juu yake kioo pamoja na kibao cha kuwekea vitu. Katika nafasi hiyo finyu hukusanyika sabuni, miswaki, nyembe, vidonge vya maumivu, dawa ya kung'arishia nguo ambayo wengi huiita jiki, dawa ya kusafishia choo, na pengine chupa ya mafuta ya taa. Mwenye nyumba huvipanga kwa ukubwa, au hukiweka mbele kile akitumiacho kila siku. Mkemia angevipanga namna nyingine kabisa, na makala haya yanakusudia kueleza sababu.

Tuanze na uchafu wa beseni lenyewe. Maji ya Moshi hutoka kwa sehemu kubwa katika chemchemi za mtelemko wa Kilimanjaro, kama vile Nsere na Shiri. Mvua inyeshapo, maji hupenya katika udongo, ambamo mizizi na viumbe vidogo hutoa kaboni dioksidi. Gesi hii huyeyuka majini na kufanya asidi dhaifu, nayo huyayusha kidogo kidogo madini ya miamba ya volkeno. Kwa hiyo maji ya bomba, hata yakiwa maangavu namna gani, yamebeba chembe za mlima. Tone likikauka juu ya koki, maji huenda hewani na madini hubaki, hata baada ya muda tukaona ukoko mweupe. Madini hayo hayo, hasa ya kalsiamu na magnesiamu, yakikutana na sabuni ya mche hufanya utando wa kijivu usioyeyuka, ule unaozunguka beseni kama mstari.

Ukoko wa kaboneti huondolewa kwa asidi, na limau latosha. Paka maji ya limau, ngoja robo saa, kisha sugua na kusuuza. Lakini tahadhari: kama beseni au kibao ni cha saruji au cha terazo, limau litakula saruji yenyewe, maana nayo ina kalsiamu. Hapo tumia majivu laini na kitambaa, kama walivyofanya bibi zetu kwa sufuria. Majivu ni alkali, na huusaidia utando wa mafuta na sabuni kuachia.

Doa la tatu ndilo lenye hatari, ingawa kwa sura ni la kawaida tu. Nalo ni doa la kahawia chini ya koki inayovuja, yaani kutu ya bomba la chuma. Mtu hulimwagia jiki, akidhani kwamba kitu kinachong'arisha shati kitang'arisha na beseni. Doa halitoki. Jiki hufanya kazi kwa kuoksidisha, na kutu ni chuma kilichokwisha kuoksidishwa. Haina la kuifanya. Mtu huyo akiona hivyo huchukua dawa ya choo, ambayo mara nyingi ina asidi ya haidrokloriki, na kuimimina palepale juu ya jiki. Hapo hutokea badiliko hili:

NaOCl + 2HCl → NaCl + H₂O + Cl₂

Alama ya mwisho ni klorini, gesi ya rangi ya kijani na manjano. Ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia upepo karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hutulia chini, na chini ndiko aliko mwenye kuchuchumaa akisugua. Bafu nalo huwa dogo, na dirisha lake liko juu. Hata limau au siki juu ya jiki huweza kutoa gesi hiyo. Kwa sababu hii jaribio hili lisifanywe, si nyumbani wala darasani. Likitokea kwa bahati mbaya, toka nje mara moja, acha mlango wazi, usirudi kuokoa ndoo. Na anayekohoa au kubanwa na pumzi apelekwe hospitali.

Sasa tunaweza kupanga. Jiki na asidi visikae kikabati kimoja, kwani chupa huvuja. Jiki ikae mahali pa giza na baridi, kwa kuwa joto na mwanga huivunja, na kila kimoja kibaki katika chupa yake ya asili yenye maandishi. Penye watoto, vyote vifungiwe. Mafuta ya taa yasiwekwe kabisa katika chupa ya soda; mtoto akiyanywa asitapishwe, maana yakiingia mapafuni huleta madhara makubwa zaidi.

Vidonge navyo havifai kukaa juu ya beseni. Mjini Moshi kosa hili huenda lisionekane upesi, lakini panda hadi Marangu au Kibosho mwezi wa Julai: kuta ni baridi, na mvuke wa maji ya kuogea hugeuka matone juu ya kila kitu. Aspirini ikipata unyevu huvunjika, ikafanya asidi ya salisiliki na asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki. Fungua kopo la zamani unuse. Likinuka siki, dawa imekwisha kuharibika. Mahali pa dawa ni chumba kikavu, juu, mbali na mikono ya watoto. Bafuni ibaki miswaki, ikisimama wima ipate kukauka, na sabuni juu ya kisahani chenye matundu.

Zoezi kwa darasa: chukua chupa mbili safi zilizo sawa. Moja itie maji ya mvua, nyingine maji ya bomba ya shule, kiasi kile kile. Tia katika kila moja matone 5 ya maji ya sabuni ya mche, ziba, tikisa, upime kimo cha povu kwa rula. Endelea kuongeza matone 5 hadi povu lidumu dakika 1. Wanafunzi wanaotoka vijiji mbalimbali walete maji ya mfereji na ya chemchemi za kwao, na matokeo yaandikwe katika jedwali moja.