Miguu ya Mfalme Asa: Chakula, Maumivu na Imani

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Mambo ya Nyakati 16:7-13, Danieli 1:8-16, Danieli 10:2-3

Jumapili tulisoma habari za mfalme Asa wa Yuda. Katika mwaka wa 39 wa kutawala kwake aliugua miguu, na ugonjwa ukawa mkali. Maandiko yanamlaumu kwamba hata hapo hakumtafuta Bwana, aliwakimbilia waganga tu. Baada ya ibada nimeulizwa maswali mawili. La kwanza: mtu anayeumwa na miguu akienda hospitali, je, amekosa imani kama Asa? La pili: nikibadilisha chakula ili maumivu yapungue, si hiyo ni kutegemea mwili badala ya maombi?

Maswali haya ni mazito kwa sababu wiki ya kufunga iko mbele yetu, na kati yetu kuna watu ambao hawalali usiku kwa sababu ya viungo. Tuyajibu polepole.

1. Kosa la Asa halikuwa daktari

Soma sura nzima, usisome mstari wa 12 peke yake. Huyu Asa ndiye aliyemlilia Bwana katika vita na Zera Mkushi akapewa ushindi. Baadaye, Baasha wa Israeli alipomtisha, alichukua fedha ya hekalu akamnunua mfalme wa Shamu amsaidie. Hanani mwonaji alipomkemea, Asa akamtia gerezani. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja, moyo ulikuwa umeshazoea kumweka Bwana kando. Shida ilikuwa hapo. Luka alikuwa tabibu, na Paulo anamwita mpendwa katika Wakolosai 4:14. Paulo huyohuyo alimshauri Timotheo abadilishe anachokunywa kwa ajili ya tumbo lake. Omba, kisha nenda ukapimwe. Hayo mawili hayagombani.

2. Gauti ni nini?

Biblia haitaji jina la ugonjwa wa Asa. Wako wafafanuzi waliokisia kwamba ni gauti, ambayo kwa Kiswahili sanifu inaitwa jongo. Hatuwezi kuthibitisha. Lakini gauti yenyewe tunaijua, na ni mfano mzuri wa jinsi chakula na maumivu vinavyoshikana.

Mtu analala mzima. Usiku wa manane anaamshwa na moto kwenye kidole gumba cha mguu. Kimevimba, kina joto, ngozi inang'aa, hata shuka likigusa ni kilio. Wengine inawashika kwenye kifundo cha mguu au goti. Baada ya wiki moja au mbili inaisha kama haikuwako, halafu inarudi. Kwa sababu inakuja ghafla hivyo, watu husema, "Huyu amekanyaga kitu," na jirani anaanza kushukiwa. Wapendwa, familia zinavunjika kwa jambo ambalo kipimo cha damu na daktari vingelieleza.

Kinachotokea ni hiki. Mwili ukivunja kitu kinachoitwa purini, unabaki na taka iitwayo asidi ya yuriki. Ikizidi kwenye damu, inaganda ndani ya kiungo kama sindano ndogondogo. Askari wa mwili wanazivamia, na vita hivyo ndivyo uvimbe na maumivu.

3. Mwili una daftari lake

Mimi nilisomea biashara, kwa hiyo nivumilieni niseme kwa lugha ya daftari. Kuna kinachoingia na kinachotoka. Karibu thuluthi mbili ya asidi hii mwili unaitengeneza wenyewe. Karibu thuluthi moja inatokana na chakula. Upande wa kutoka, kazi kubwa ni ya figo. Kwa watu wengi wenye gauti shida kubwa iko huko, figo hazitoi vya kutosha. Wengine wamerithi hali hiyo, na dawa nyingine za presha zinazoongeza mkojo huchangia.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, tusimhukumu mgonjwa. Si kila mwenye gauti ni mlafi au mlevi wa siri. Pili, chakula kinasaidia kweli, lakini kina mpaka. Chakula peke yake mara nyingi hushusha asidi kwa miligramu 1 hivi kwa desilita, na aliye na gauti inayorudirudi anahitaji kufika chini ya 6 (maabara nyingine huandika 360). Kama uko 9, sukuma wiki peke yake haitakufikisha.

4. Tuangalie sahani zetu

Vinavyoongeza mzigo: maini, figo na matumbo, nyama nyekundu kwa wingi, samaki wadogo wanaoliwa wazima kama omena, pombe, hasa bia. Tuongeze supu. Tumezoea kumpelekea mwenye viungo vibovu supu ya nyama tukisema inaongeza mafuta kwenye magoti. Lakini purini huyeyuka katika maji nyama ikichemka, kwa hiyo supu ndiyo inayoibeba. Kwa mwenye gauti, upendo huo unaweza kumuumiza.

Halafu kuna soda. Wengi hapa hatunywi pombe, tunadhani tuko salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia wanaume wa Marekani, ulionyesha kwamba waliokunywa soda ya sukari mara mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata gauti iliyozidi kwa asilimia 85 kuliko wanaokunywa chini ya moja kwa mwezi. Sukari iliyomo humo huongeza asidi ya yuriki. Sasa hesabu: soda ya harusi, soda ya chama, soda ya kumkaribisha mgeni, soda ya kikao cha mazishi. Juisi za dukani zenye sukari hazina nafuu kubwa.

Vinavyosaidia: maji, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mboga zetu kama managu, kunde na terere, matunda mazima kwa kiasi, ugali wa unga usiokobolewa, mayai. Na maharagwe? Wengi wamekatazwa githeri na ndengu. Utafiti wa mwaka 2004 uliofuata wanaume 47,150 kwa miaka 12 ulikuta kwamba nyama na vyakula vya baharini viliongeza hatari, lakini mboga na nafaka za jamii ya maharagwe zenye purini hazikuiongeza. Wanaotumia maziwa yaliyopunguzwa mafuta walipata gauti kidogo kuliko wengine. Kwa hiyo, mama, usimnyime mzee githeri yake. Ni chakula cha bei nafuu na ni rafiki yake.

Kama goti linauma kwa sababu ya kulika, si gauti, bado sahani ina kazi. Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Hesabu hatua za kutoka nyumbani hadi stendi ya matatu uone faida yake. Lakini punguza uzito polepole. Kujinyima kwa ghafla huamsha gauti.

5. Na kufunga je?

Hapa naomba tusikilizane. Mtu akikaa bila chakula na bila maji, mwili unaanza kuchoma mafuta na kutoa asidi nyingine. Asidi hizo zinagombania mlango uleule wa figo na asidi ya yuriki, na maji nayo yamepungua. Asidi ya yuriki inapanda. Ndiyo maana mtu anaweza kufunga kavu siku tatu kwa moyo safi kabisa, halafu siku ya nne hawezi kuvaa kiatu. Si shetani amemshambulia kwa sababu aliomba. Na si dhambi.

Ukiwa na gauti, kisukari au ugonjwa wa figo, ukiwa mjamzito au unatumia dawa kila siku, usifunge kavu. Ongea na daktari, kisha utuambie sisi wachungaji bila aibu. Danieli 10 inatuonyesha njia nyingine: kwa wiki tatu aliacha chakula kitamu, nyama na divai, na maombi yake yalisikiwa. Ukiangalia vizuri, hivyo ni karibu vilevile daktari anavyomwambia mwenye gauti aviache! Bwana hakupima kufunga kwa Danieli kwa ukali wa kiu.

Tujifunze pia kwa Danieli 1. Hakusema tu "naamini." Alitaja siku 10, akakubali apimwe na kulinganishwa na wengine. Imani yake haikuogopa kipimo.

6. Usitupe dawa

Kuna dawa za kutuliza shambulio na kuna za kushusha asidi, kama alopurinoli. Hizi za kushusha huwa za muda mrefu, na miezi ya kwanza maumivu yanaweza kurudi kabla ya kutulia. Wengi huacha hapo. Usiache bila kuongea na aliyekuandikia. Na usikae ukinunua vidonge vya maumivu duka la dawa kila wiki. Vikitumiwa ovyo huumiza figo na tumbo, na figo ndizo tunazotegemea. Kiungo kikivimba pamoja na homa na kutetemeka, usingoje ibada ya Ijumaa. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuwa maambukizi ndani ya kiungo.

Ya kufanya wiki hii

- Chagua kitu kimoja cha kuacha na kimoja cha kuongeza kwa siku 10, kama Danieli. Kwa mfano: soda itoke, maji yaingie. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza kiasi cha maji.
- Andika kwenye daftari ulichokula na siku ulizoumwa. Mpelekee daktari daftari hilo.
- Vikundi vya nyumbani: mkikaribisha wageni, wekeni maji na maziwa mezani, si soda peke yake, ili mgonjwa asijieleze mbele ya watu.

Maswali ya kikundi

1. Ni lini tumemwambia mgonjwa "hujaamini vya kutosha"? Tungemwambia nini badala yake?
2. Nani katika kikundi chetu anafunga huku akiumwa, na anaogopa kusema?

Tuombe: Baba, tunakutafuta wewe kwanza. Tupe hekima mezani, unyenyekevu mbele ya daktari, na huruma kwa anayeumwa. Waponye watu wako. Katika jina la Yesu, Amina.