STENDI YA KUTENGENEZEA BAISKELI NYUMBANI

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu Timboroa, ambapo kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kila safari ni mlima ama mteremko. Baiskeli isiyo na breki hapa si chombo, ni balaa.

Mwaka jana kaka yangu aliigeuza Black Mamba ya baba miguu juu kichwa chini, akarekebisha breki, akaridhika. Alfajiri ya pili yake, akiteremka na mitungi miwili ya maziwa, breki ya mbele ikakataa kushika. Bwana, aliishia mtaroni! Yeye alichubuka tu, lakini maziwa yote yalinywewa na nyasi.

Kosa lilikuwa wapi? Breki za Black Mamba ni za vyuma, si za waya. Ukizikamata, raba za mbele huvutwa juu hadi kwenye rimu. Ukiziachilia hushuka kwa springi na kwa uzito wake. Ukiigeuza baiskeli, uzito huohuo huzilaza raba karibu na rimu, hasa springi zikiwa zimechoka. Unadhani breki ziko sawa, kumbe ukiisimamisha zinashuka tena!

Basi dawa ni kuiinua ikiwa wima. Stendi za dukani zina mkono wa kubana na miguu ya kukunja. Kabla ya kutoa pesa, jiulize maswali matatu:

1. Itabeba? Black Mamba hufikia kilo 20, na stendi nyingine nyepesi ni za baiskeli za mashindano. Soma uzito ulioandikwa.

2. Itabana wapi? Ibane nguzo ya kiti. Ukibana bomba jembamba la fremu, litabonyea.

3. Itakaa wapi? Iwe ya kukunjwa na kusimama nyuma ya mlango. Kwenye sakafu ya udongo, miguu mitatu hutulia kuliko minne.

Je, mfuko ukikataa? Tafuta kamba mbili na boriti imara. Moja ipite chini ya kiti, nyingine kwenye shingo ya usukani, magurudumu yafike kimo cha goti. Kwanza ning'inia wewe mwenyewe uijaribu hiyo boriti! Ukimaliza, kamba zinaingia mfukoni. Na kama kazi ni kutia mnyororo mafuta tu, stendi ya Black Mamba yenyewe huinua gurudumu la nyuma, huhitaji kingine.

Sisi nyumbani tulichagua kamba. Kaka sasa haondoki kabla ya kushusha baiskeli chini na kuzijaribu breki uani, magurudumu yakiwa ardhini.

Haya shime, wanafunzi wenzangu! Mteremko haumngoji mtu arekebishe breki.