Mnara haujampandishia mama presha

SWALI: Daktari, tunaishi Mbagala. Mwaka jana pamesimikwa mnara wa simu nyuma ya nyumba yetu. Nina ujauzito wa miezi saba, kichwa kinaniuma kila siku na jioni naona vimulimuli. Mwanangu wa miaka minne halali vizuri. Mama mkwe, mwenye miaka 68, ameacha vidonge vya presha kwa kuwa jirani kamwambia mionzi ya mnara ndiyo inayompandishia. Sasa anatuchemshia mizizi ya kusafisha damu, tunakunywa sote. Je, tuhame?

JIBU: Mwanangu, mnara usubiri kwanza. Mjamzito wa miezi saba anayeumwa kichwa kila siku na kuona vimulimuli huenda anaelekea kwenye kifafa cha mimba, na hicho huua mama na mtoto. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Nenda leo upimwe presha na mkojo. Yaliyobaki utayasoma ukirudi.

Kinachotuponza ni neno lenyewe, mionzi. Watu wamewasindikiza ndugu zao hospitali ya Ocean Road kutibiwa saratani kwa mionzi, wakaona ngozi inavyoungua, kisha wanasikia mnara nao una mionzi. Jina ni moja, vitu ni viwili. Mawimbi ya mnara ni ndugu wa yale yaliyokuwa yakimletea bibi yako taarifa ya habari redioni. Hayana nguvu ya kuvunja vinasaba. Yakiwa makali sana hupasha mwili joto, ndiyo maana fundi hasogelei antena inayofanya kazi. Wewe uliye chini uko mbali nayo, tena antena hurusha mawimbi kwenda mbele, kama kurunzi, si kuyamwaga miguuni pake. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa vipimo karibu na minara vilikuwa kati ya asilimia 0.002 na 2 ya kikomo cha kimataifa. Simu unayoibana sikioni inakufikishia mawimbi mengi kuliko mnara huo.

Kuhusu mimba na watoto, watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2010 matokeo ya watoto 1,397 wa chini ya miaka mitano waliougua saratani, wakilinganishwa na wengine 5,588. Mama kuishi karibu na mnara akiwa mjamzito hakukuonekana kuongeza saratani. Ni kweli kwamba mwaka 2011 mawimbi haya yaliwekwa kwenye kundi la vitu ambavyo "huenda" vinasababisha saratani. Hoja kubwa ilikuwa watu wanaozungumza na simu sikioni kwa saa nyingi, na ushahidi wenyewe ulikuwa finyu.

Sasa mama mkwe. Muulize kwa heshima: vidonge alianza lini, na mnara ulijengwa lini? Presha iliutangulia mnara. Nimepokea wazee wengi walioacha dawa kwa maneno ya jirani, wakaletwa wamepooza upande mmoja, na hapo vidonge haviwezi kurudisha mkono uliokwisha lala. Mpeleke akapimwe, abebe pakiti za dawa zake, wala asimeze dozi mbili kufidia siku alizoruka. Mizizi imwageni. Damu husafishwa na figo na ini. Dawa inayoharisha humkausha mtoto maji mwilini, na kwa mjamzito hatuwezi kujua imebeba nini. Wanaokunywa maziwa kutoa mionzi nao wanapoteza muda tu, hakuna kilichoingia cha kutolewa.

Mtoto akiwa na homa apimwe malaria siku hiyo hiyo. Kama halali kwa sababu jenereta la mnara linanguruma usiku kucha, hilo ni dhara la kweli, pamoja na moshi wake. Lalamikeni kwa serikali ya mtaa, kisha kwa mamlaka ya taifa ya mazingira. Mkitaka mawimbi yapimwe, waandikieni Tume ya Nguvu za Atomiki. Barua hizo aandike mumeo akiwa amekaa nawe kwenye benchi la kliniki.